Uzinduzi wa Stesheni ya Treni ya Mwendo Kasi kwenye Shamba la Mama Phelista

Mheshimiwa mwakilishi wa mheshimiwa anayemwakilisha mheshimiwa ambaye, kwa sababu ya majukumu ya kitaifa, hakuweza kufika. Waheshimiwa wengine ambao hamkufika wala hamkutuma mwakilishi. Machifu, manaibu wa machifu, na yule aliyewahi kuwa chifu na bado anavaa kofia. Maaskofu, wachungaji na wainjilisti wa makanisa yote, yenye paa na yanayosubiri paa. Wageni wetu kutoka Kitale mjini, yaani mitaa ya Matisi na Tuwan. Ndugu zetu wa Bungoma mliofika mapema mkidhani kuna chakula. Wazee wa Endebess. Akina mama wa vikundi. Na vijana wa bodaboda ambao bila kujaziwa mafuta msingekuwa hapa: itifaki yote imezingatiwa, na ambaye hakutajwa ajihesabu kuwa ametajwa. (Makofi. Mzee mmoja anauliza kama soda zimefika.)

Anayesimama mbele yenu ni Mheshimiwa Daktari wa Heshima, Mhandisi Mtarajiwa, Josephat Wekoye, Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Kuratibu Stesheni ya Treni ya Mwendo Kasi, Ukanda wa Kitale na Bungoma, na nasema kwa unyenyekevu mkubwa, ambao ni mojawapo tu ya sifa zangu nyingi, kwamba tangu nizaliwe sijawahi kukutana na kiongozi wa aina yangu. (Kicheko.) Nimesimamia miradi saba katika eneo hili, na yote saba imebaki mizuri vilevile kama ilivyokuwa kwenye karatasi, bila kuharibiwa na ujenzi. (Kicheko kinaongezeka. Mheshimiwa anakipokea kwa kuinua mkono.)

Sasa, mabibi na mabwana, hapa tulipo, kwa macho ya kawaida, ni shamba la Mama Phelista, na hizi nyasi mnazokanyaga zimeota tangu mwaka jana, nilipoagiza, kwa nia njema kabisa, kwamba mtu yeyote asipande mahindi ndani ya vigingi vyekundu, ili mitambo ikija isipate usumbufu. Lakini kwa macho ya kitaalamu, hili jukwaa langu limesimama katikati ya platifomu namba mbili, hema la wageni liko kwenye sehemu ya kupumzikia abiria wa daraja la kwanza, na choo cha Mama Phelista, ambacho nakiheshimu sana, kiko kwenye duka la manukato. Mama mwenyewe yuko hapo mbele, na naona amekuja na jembe, jambo ambalo kamati yangu inalichukulia kama utayari wa mwananchi kushiriki katika maendeleo. (Mama Phelista anasimama. "Mheshimiwa, mvua imeanza juzi. Mimi nauliza tu. Nipande mahindi ama nisipande?") Swali zuri sana, mama, swali la kizalendo, keti kwanza, litajibiwa katika kipengele cha maswali na majibu, ambacho kitafuata hotuba, muda ukiruhusu.

Wengi wenu mmekuwa mkiuliza, kwa nini stesheni iwe hapa Sikoya, mahali ambapo hata barabara huja kwa msimu? Jibu ni rahisi. Stesheni inajengwa Sikoya kwa sababu iko kando ya uwanja wa ndege wa kimataifa. (Watu wanageuka kuutazama uwanja wa ndege. Ng'ombe watatu wanageuka kuwatazama watu.) Na mkiniuliza uwanja wa ndege utakuwa wa kimataifa lini, nitawajibu bila kupepesa macho: mara tu stesheni itakapoleta abiria. Kwa hivyo stesheni inasubiri uwanja, uwanja unasubiri stesheni, na mimi nasubiri vyote viwili; hiyo, katika lugha ya mipango, inaitwa sineji, yaani kutegemeana kwa faida. Na msiudharau uwanja huu, kwa maana mwaka juzi tu ilitua hapa helikopta ya mgombea mmoja, ikauliza njia ya kwenda Bungoma, ikaondoka. (Kutoka upande wa pili wa uwanja inasikika ngurumo ya injini. Watu wa nyuma wanasimama kuchungulia.) Msishtuke, ndugu zangu, ketini, hiyo ni mashine ya upimaji. Mnaona? Nikisema jambo, linaanza kunguruma.

Twende kwenye takwimu. Treni hii itatoka Kitale hadi Bungoma kwa kasi ambayo mtu akianza kupiga chafya Kitale ataimalizia Bungoma. Katika zoezi la pablik patisipesheni, la kuwauliza wananchi maoni, asilimia mia moja na nne ya wakazi waliunga mkono mradi, zile nne za ziada zikiwa ni watu waliokuwa wakipita. Mimi binafsi, kwa kujitolea, niliwaacha mke na mifugo nikaenda ng'ambo kufanya benchimaki, yaani kujifunza kwa wenzetu, nikapelekwa kwenye stesheni yenyewe, nikasimama mahali panapostahili, na treni ikapita kwa kasi kubwa mno hata sikuiona. Kwa hiyo ninachoweza kuwaeleza kwa uhakika ni upepo wake. (Kicheko kikubwa. Mheshimiwa naye anacheka, kisha anakumbuka cheo chake.)

Na huu hapa ndio mchoro. Tafadhali uinueni juu hata walio nyuma waone. (Bango linainuliwa. Mzee Kiptanui wa Endebess anaweka mkono juu ya macho. "Mheshimiwa, kwani hiyo nyeupe kwa mabati ni nini? Si hiyo ni theluji?") Hiyo ni rangi ya kisasa, mzee wangu, inafukuza joto. ("Na hiyo tarehe hapo chini? Hii si ni karenda ile mtu wa vipuri alikuwa anapeana Krismasi?") Mzee Kiptanui, mradi mkubwa huwa na wafadhili wengi, na wengine huuza vipuri. (Kicheko. Ngurumo imesogea karibu. Sasa inaonekana ni trekta, na nyuma yake kuna mashine ya kupandia mbegu.)

Nikiendelea na kipengele cha ajira, mradi utaleta nafasi kwa vijana wote, na pia kwa wazee watakaotaka kuwa vijana, na akina mama watauza maziwa moja kwa moja kwa abiria, kupitia dirishani, japo kitaalamu madirisha hayatafunguka na treni haitasimama. (Mama Phelista amesimama tena. Safari hii hajasubiri kupewa kipaza sauti. "Mheshimiwa, mimi sijasoma. Mwaka jana ulisema tusipande, nikatii. Tumekula mahindi ya kuomba, na wenye kutoa wamechoka na mimi. Hii mvua ikipita, sina msimu mwingine. Sitaki soda. Niambie tu, nipande mahindi ama nisipande?" Hakuna anayecheka.)

Mama Phelista, nimekusikia. Nimekusikia sana. Kamati imekusikia, na suala lako limeingizwa katika... katika mfumo. Kuhusu upandaji, msimamo wetu ni kwamba mwananchi anashauriwa kuendelea kujizuia huku akijiandaa, kwa kuzingatia kwamba mitambo, kama mnavyoisikia, tayari imeingia kazini kwenye platifomu namba tatu, na... (Mzee Kiptanui anasimama juu ya kiti. "Bana, hiyo mtambo ni planta! Na huyu mama kwa trekta, si ni bibi yako? Si ni Lorna?" Hema lote linageuka. Upande wa pili wa uwanja wa ndege, ndani ya vigingi vyekundu, mke wa Mheshimiwa anapunga mkono kwa furaha na kuendelea kupanda.)

Naomba utulivu. Tulieni, tafadhali. Ndiyo, huyo ni mke wangu, na hilo ni shamba langu, na mbegu nilizinunua mimi mwenyewe bila kujua ni za nini. Asubuhi nikinywa chai nilimwambia, Lorna, leo nazindua stesheni, tafadhali usinitie aibu, ngoja hata watu watawanyike. Akanijibu kwamba mvua haihudhurii mikutano. Mimi ninayesikilizwa na kaunti mbili, kwangu sisikilizwi hata na kuku. (Kicheko kidogo, cha huruma.) Basi tumalize kwa nguvu, kama ilivyo desturi yetu. Nikisema treni, semeni inakuja! Treni! (Watu wanaanza kuinuka.) Treni! (Viti vinakunjwa.) Sikoya, lango la dunia! ("Toa hema!") Kasi na ustawi! ("Nani ako na mbolea?")

Kwa kuhitimisha, basi, nina shukrani. Namshukuru mtu wa vipuri kwa kalenda nzuri. Nawashukuru mbuzi wangu, ambao walikubali kulala bila ua ili vigingi vyao vipakwe rangi nyekundu na kuletwa huku. Na zaidi ya wote nawashukuru ninyi kwa makofi yenu ya siku ile ya kufungua choo cha shule, ambapo hotuba ilikuwa imeniishia na bado mlikuwa mnanitazama, nikasema tu, ili niteremke kwa heshima, kwamba hata stesheni itakuja. Mkapiga makofi ambayo sijawahi kupigiwa maishani, na bila makofi hayo hata mimi nisingejua kwamba kuna stesheni. Wizara haijui. Reli haijui. Tuliojua ni mimi na ninyi, na ninyi mlijua kutoka kwangu. Mlipoanza kuiamini, mama, niliona aibu kuwa mtu pekee asiyeiamini. (Mama Phelista hajaketi. Anamtazama tu, jembe mkononi.)

Panda mahindi yako, mama.

Panda leo. Panda mpaka kwenye hema, na vigingi ving'oe vikawe kuni. Vijana, nisaidieni kukunja haya maturubai. Nilikuwa nimebakiza ukurasa mmoja wa salamu kutoka kwa waheshimiwa, lakini naona... (Mama Phelista ameanza kulima kutoka pale alipokuwa ameketi. Udongo mweusi unapinduka. Amefika kwenye ngazi za jukwaa na haonyeshi dalili ya kupinda.) Asanteni kwa kunisikiliza, Mungu awabariki, na Mungu abariki... nashuka, mama, nashuka, ngoja kwanza nitoe mguu.