Mabasi Hayasimami Tena kwa Bertha

Jumatatu, 8 Julai
Mabasi yamehamia stendi mpya. Wauza nyanya wote wa Ilula wameyafuata mbio, kama kuku waliomwagiwa pumba. Wa kwanza Anjela, jirani yangu wa kibanda. Tayari ana turubai jipya! Mimi sihami. Hapa alikaa marehemu mke wangu Bertha, juu ya ndoo iliyopinduliwa, akifuta nyanya mojamoja kwa ncha ya kitenge. Nikiondoka, nani atabaki naye? Mabasi yatarudi. Madereva wana macho.

Jumanne, 9 Julai
Hawana macho. Wanapita kama wanafukuzwa. Nimeuza kopo moja tu la sado, kwa mchungaji, tena kwa huruma. Amesema nyanya zimeanza kulainika. Nikamwambia ndizo tamu kwa mchuzi. Anjela amepita kunisalimia. Eti shemeji, pembeni yangu nimekuachia nafasi. Shemeji! Alikuwa rafiki wa Bertha, si ndugu yake. Nikamwambia nafasi hiyo aanike dagaa.

Jumatano, 10 Julai
Nimepata akili! Dereva akiona matawi yamelazwa barabarani anajua mbele kuna gari bovu, anapunguza mwendo. Nimekata matawi ya mkaratusi, nikayapanga vizuri kabla ya kibanda. Basi la Mbeya likasimama! Nikakimbia na beseni. Konda akauliza gari bovu liko wapi. Nikasema halipo, zipo nyanya. Akasema kumbe mbovu ni wewe, mzee. Abiria wote kicheko. Watu wa Mbeya hawana adabu. Nyuma yake lori la mbao kutoka Mafinga likakwepa basi, likapanda juu ya matenga yangu mawili. Dereva salama. Nyanya rojo, lami nzima nyekundu.

Alhamisi, 11 Julai
Habari zimefika Mafinga kwamba lori limeniua, damu imejaa barabarani. Esta, mdogo wake Bertha, amekuja na mkeka na sufuria, analia tangu kwenye kona. Aliponiona nimekaa akanyamaza, kisha akafoka. Eti ameacha mahindi juani kuja kumlilia mtu anayekula muwa! Wamama wa kanisa nao wakafika. Ugali ukasongwa, nyanya zangu zilizobaki zikaishia mchuzini. Hakuna aliyenunua hata moja.

Anjela alileta chumvi, akakalia ndoo ya Bertha. Nikamwambia ainuke. Hakuinuka. Akasema taratibu kwamba ndoo hii Bertha aliihamisha mara tatu kabla mimi sijaijua biashara, na stendi mpya angefika kabla ya mabasi yenyewe. Esta akaitikia: kweli tupu, dada hakukaa pasipo wateja.

Nikatoka nje kuangalia barabara. Moshi wa kuni ulikuwa mkali sana.

Ijumaa, 12 Julai
Nimetafakari. Bertha alipenda mabasi, hapo Anjela ana hoja. Kwa hiyo nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba stendi yote iletwe hapa kibandani. Alicheka hadi akakohoa. Hakusema hapana.

Nikapitia kwa Anjela kumwonya asichimbie nguzo za turubai sana, atahama karibuni. Nikamtia moyo. Nikamweleza kwamba mabadiliko ni magumu, lakini binadamu sharti awe mstahimilivu. Akazidi kuchimbia nguzo.

Maskini. Wengine ni wagumu kuelewa.