Moderato Ndani ya Saa ya Shule

Jumatatu, 3 Novemba

Nitaandika yote. Shangazi alinipa daftari hili kwa sharti moja tu: nisifiche kitu, nisijipambe, na nikijaza kurasa za kutosha nizichane nimtumie. Yeye anafanya kazi posta ya mjini kwao, kwa hiyo barua zangu humfikia kabla hazijapoa. Sawa, Shangazi. Neno langu ndilo hilo.

Habari kubwa! Mwalimu wa muziki ametangaza kuwa likizo hii mwanafunzi mmoja atakabidhiwa ufunguo wa chumba cha muziki. Mmoja tu! Mwezi mzima peke yake na piano! Piano yenyewe ina vibao viwili bubu na kanyagio inayolia kama mlango wa stoo. Si kitu. Nyumbani kwetu hakuna hata hiyo. Mimi hujifunza kwenye ubao ambao Baba alinichorea vibao vyote themanini na nane kwa wino. Naucheza kila siku, mwaka wa pili sasa, na sijawahi kusikia nilichokicheza.

Mtihani ni Ijumaa saa nane mchana. Istilahi arobaini, kuanzia waimbaji wa makanisa ya kale mpaka bendi za dansi na vijana wa kufokafoka. Unachomoa vikaratasi kumi kutoka kwenye kofia ya Mwalimu, kisha unaeleza au unaonyesha kwa vitendo. Kila kikaratasi alama moja.

Tumejiandikisha sita. Wanne siwahesabu. Mpinzani ni Kinanda, tunayemwita hivyo kwa sababu kwao kuna piano ya kweli. Sasa ufunguo anautakia nini? Uroho mtupu.

Nina hakika nitashinda. Nina mpango.

Jumanne, 4 Novemba

Mpango ni huu: kila istilahi naibandika kwa mtu wa nyumbani. Crescendo, sauti inayopanda kidogo kidogo, nimempa Mama. Huanza chini chini kuhusu sufuria, na akifika mwisho mtaa mzima unajua sijaosha vyombo. Staccato, sauti fupi zilizokatika, ni kinyundo cha Baba karakanani. Legato, sauti zinazoungana bila mwanya, ni Babu akilala baada ya chakula cha mchana.

Babu alipiga gita la besi kwenye bendi ya dansi enzi zake, basi nimemkabidhi istilahi za kisasa. Rifu aliieleza vizuri: kipande kifupi kinachorudiwa mpaka mtu akiote. Akanipigia mdomoni, mara arobaini. Nilipomwuliza kuhusu sinkopa, yaani mkazo unaoangukia mahali usipoutarajia, alisema hiyo si istilahi, huyo ni mpiga ngoma wao, alikuwa hafiki kwa wakati hata siku moja. Nikamwuliza fuga je, ile ya miaka mia tatu iliyopita, ambapo sauti moja inaanza na nyingine zinaifuata nyuma? Akasema hiyo nayo waliibuni wao, siku gari la bendi lilipowaacha.

Tacet niliishika bila msaada: ala hii inyamaze kipande kizima. Rahisi mno. Sijui kwa nini wameiweka.

Istilahi thelathini na tano kwa siku moja! Nafikiri nina kipaji.

Zimebaki tano tu. Tano za mwendo: largo, adagio, andante, moderato, allegro. Hapo ndipo Mwalimu hataki maneno. Anataka umpigie makofi kwa mwendo huo huo, na yeye ana kijisanduku chake cha kupimia, kinagonga tak, tak, tak, hakina huruma. Kinanda wanacho kama hicho kwao. Sisi hatuna.

Jumatano, 5 Novemba

Tunavyo! Tunavyo thelathini na moja!

Imenijia nikipiga mswaki. Baba ni fundi saa! Karakana nzima inagonga kuanzia asubuhi! Baada ya shule nikakaa na saa yake ya mkononi, nikahesabu milio ya kila saa kwa dakika moja, nikalinganisha na karatasi ya Mwalimu. Saa ndefu ya daktari wa meno: milio hamsini. Largo. Saa ya ukutani ya mama muuza vitambaa: sitini na nane. Adagio! Saa ya shule yetu, ile kubwa ya ukumbini ambayo Mkuu wa shule aliileta ikiwa imekufa: themanini na nne. Andante! Saa ndogo ya jikoni ya jirani: mia na thelathini. Allegro!

Moderato hakuna. Nimezipitia zote. Inatakiwa tisini na sita, na hakuna saa hata moja katika karakana hii inayotembea kistaarabu.

Sasa, mimi ni binti wa fundi. Najua kuwa kile kisahani kinachoning'inia na kuyumba ndani ya saa, ukikipandisha juu, saa inakwenda haraka. Kwa hiyo andante ukiipandisha inakuwa moderato. Ni sayansi. Baba alikuwa amekwenda kutafuta springi. Saa ya shule ilikuwa imeshafungwa kikaratasi cha TAYARI, maana yake Baba hataigusa tena. Nikazungusha nati mpaka mwisho. Haikutosha. Nikakipandisha kisahani zaidi na kukifunga kwa utepe wangu wa nywele, ule wa buluu.

Tisini na sita kamili! Nikapiga makofi na saa mpaka viganja vikawa vyekundu. Baba aliporudi hakusikia tofauti. Katika saa thelathini na moja, moja ikibadili mwendo ni kama mtu mmoja kukosea kwenye kwaya ya watu wengi.

Kesho nikitoka shule nitaufungua utepe. Hakuna atakayejua.

Alhamisi, 6 Novemba

Mambo mawili.

La kwanza zuri. Kwenye orodha ya mtihani mimi nilikuwa wa kwanza, Kinanda wa mwisho. Nikamwendea, nikamwambia kwa upole kwamba naona anavyohangaika, si vizuri mtu kusubiri kwa wasiwasi, nampa nafasi yangu. Akauliza kama niko mzima. Kisha akakubali, akanishukuru! Maskini. Hajui kuwa anayekwenda mwisho amesikia majibu ya wote.

La pili si zuri sana. Nimefika nyumbani, ukutani pana nafasi tupu. Mkuu wa shule alipita mchana mwenyewe akaichukua saa yake, ameifurahia kupita kiasi, amempa Baba mkono mara mbili.

Nimefikiri. Itakwenda mbele kidogo tu. Dakika mbili, tatu. Nani atagundua?

Ijumaa, 7 Novemba

Dakika nane na nusu. Kila saa moja.

Mkuu aliitundika saa moja kamili asubuhi, mbele yetu sote, akasema imetoka kwa fundi bingwa na kuanzia leo shule itaendeshwa na saa hii peke yake. Ilipofika mapumziko ya kwanza walimu walishaanza kutazamana. Wakati wa chakula, jikoni walisema moto ndio kwanza umewaka. Mwalimu wa hesabu akajaribu kusema kuwa saa yake ya mkononi inaonyesha vingine. Mkuu akamwambia airekebishe, au aipeleke kwa fundi bingwa.

Nilikaa kwenye dawati langu nikisikiliza tak, tak, tak kutoka ukumbini. Moderato safi kabisa. Sijawahi kuona istilahi ikinitisha.

Mwalimu wa muziki hufundisha shule tatu. Alifika kwetu kwa saa yake saa saba na dakika arobaini, amewahi, ana raha zake. Akaingia ukumbini, akakuta saa nane na dakika thelathini na saba. Aliomba radhi mpaka nikaona aibu kwa niaba ya utepe wangu. Akatuambia tuchomoe haraka haraka, kengele ya saa tisa ikilia lazima aondoke, shule nyingine inamsubiri.

Kinanda akaanza. Alipiga fuga mezani kwa mikono miwili, mkono mmoja ukiufukuza mwingine. Alieleza bluzi, akaimba na mstari mmoja. Kisha akachomoa tacet. Akakaa kimya! Hata neno! Anatabasamu tu, mikono mapajani, kama anayesubiri kupigwa picha. Mwalimu naye akasubiri. Mwisho akampa alama kamili. Huruma hiyo! Jumla kumi juu ya kumi.

Wanne waliofuata walihangaika. Nikasimama. Nikatia mkono kwenye kofia. Nikashika kikaratasi.

Kengele.

Mwalimu alitazama saa ya ukutani, akatazama yake, akatikisa yake. Akaniambia pole, akaondoka na kofia.

Kinanda akanifuata mlangoni. Akasema asingekuwa amechukua nafasi yangu, ningekuwa nimeshamaliza. Alionekana ana huzuni kweli. Ananichanganya huyu msichana.

Jumamosi, 8 Novemba

Mkuu wa shule amekuja asubuhi, saa kwapani, uso umefura. Akaiweka mezani kwa kishindo. Akasema jana saa tisa aliwatoa wanafunzi mia nne jua likiwa bado utosini, na wazazi wamempigia simu mpaka sasa. Akauliza huu ndio ufundi? Mama muuza vitambaa naye alikuwepo, amefuata saa yake, masikio wazi.

Baba akaifungua. Nilikuwa nimesimama kando ya mlango. Nikamwona anauona utepe. Buluu, na herufi ya jina langu ambayo Mama aliitarizi pembeni.

Hakugeuka kunitazama. Aliufungua taratibu, akautia mfukoni, akamwambia Mkuu kwamba kosa limetoka katika karakana yake, anaomba radhi, Jumatatu saa itakuwa ukutani na itakuwa sahihi. Mkuu akasema wengine watasikia habari hii. Mama muuza vitambaa akaihesabu saa yake mlio kwa mlio kabla ya kuondoka.

Nikasubiri crescendo. Haikuja. Baba akarudi kwenye kinyundo chake.

Hilo lilikuwa baya kuliko yote. Baada ya kama robo saa nikamwendea mwenyewe, nikamwambia kila kitu, kuanzia mswaki. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja: je, niliipata hiyo moderato? Nikasema ndiyo, Baba, tisini na sita kamili. Akasema basi kesho nitaitafuta andante mpaka niipate tena, na Jumatatu nitaibeba saa mimi na kumweleza Mkuu mimi.

Jumapili, 9 Novemba

Nati, hesabu. Nati, hesabu. Robo mzunguko kulia. Hesabu upya. Babu aliweka kiti karibu akanipigia rifu ya kunitia moyo, ikanipoteza hesabu mara tatu, Mama akamhamishia uani. Alasiri saa ya shule ilikuwa sawa na saa ya Baba. Akaitegea sikio kwa muda mrefu, akaifunga kikaratasi cha TAYARI. Mwandiko wangu!

Jumatatu, 10 Novemba

Nilimweleza Mkuu mbele ya walimu wote. Niliomba pia amweleze ukweli kila aliyemwambia vibaya juu ya Baba. Akasema atafanya hivyo leo leo, kwamba baba yangu ni muungwana, na kwamba mimi nitapiga kengele ya asubuhi mpaka shule ifungwe. Kuingia kwa mtoto wa fundi kwenye uongozi wa kengele si jambo dogo.

Mwalimu wa muziki alikuwepo kwa ajili ya kwaya. Alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi juu ya paa. Akauliza, ulisogeza shule nzima ili usikie moderato? Nikasema sikukusudia shule nzima. Akatoa kijisanduku, akatoa kofia. Kinanda alikuwa amekaa kwenye kiti cha piano, anatutazama.

Nilichomoa largo, nikapiga makofi. Akawasha kijisanduku: sawa! Andante: sawa! Moderato: sawa kabisa, mpaka Mwalimu akavua miwani. Crescendo niliionyesha kwa kumwigiza Mama. Nilifika tisa juu ya tisa!

Cha kumi kikawa tacet. Nikafurahi. Nilieleza kwa dakika tatu bila kukosea: maana yake, inavyoandikwa, inavyotofautiana na mapumziko mafupi, na mifano miwili ya ala zinazokutana nayo sana. Mwalimu akasubiri nimalize, akanipa sufuri! Akasema nikamwulize baba yangu, anaijua vizuri mno. Baba! Baba hajui istilahi hata moja.

Kwa hiyo ufunguo kapewa Kinanda. Tulitoka pamoja. Akaniambia piano ya kwao hufungwa kwa kufuli tangu bibi yake afariki, ina vyombo vya maua juu, hairuhusiwi kuguswa. Kijisanduku tu ndicho anachoruhusiwa kukiazima. Halafu akasema anaharakisha kila anachocheza, hata akiwa na kijisanduku, kwa kuwa hakimkaripii. Je, ningekuja kila siku kumpigia makofi ya mwendo? Saa moja yake, saa moja yangu. Kwenye piano. Na sauti!

Nimekubali kabla hajafunga mdomo. Tazama basi, Shangazi: yote haya yametokana na mpango wangu. Bila utepe nisingekuwa na moderato, bila moderato nisingekuwa na saa yangu ya piano. Mpango haukuwa na kasoro. Kilichokosekana ni saa nyingine.

Na sasa tumekwama tena. Wimbo wa kwanza wa Kinanda umeandikwa larghissimo, mwendo wa polepole kupita yote, chini ya milio arobaini kwa dakika. Karakana nzima haina. Nikakumbuka saa kubwa ya mnara wa posta yenu. Nitafika kwako Jumamosi ijayo. Nibebe utepe mmoja au miwili, na ufunguo wa ngazi ya mnara anakaa nao nani? Nijibu kwa barua ya kwanza itakayotoka.