Kisanduku Kinachoniimbia Mimi Tu

Jumatatu, 9 Juni

Kisanduku kimeimba. Niliinua mkono mbele ya kamera kuukuu ya kompyuta niliyoifunga ndani yake, programu ikausoma mwendo wake, na spika ikatoa sauti nyembamba kama filimbi. Nikaushusha, sauti ikashuka. Nikiusogeza haraka, sauti inakuwa kubwa. Nimeketi sakafuni nimeduwaa. Nimekiunda mwenyewe, lakini nimeshtuka kama nimekiokota njiani.

Jumamosi fundi wa studio ya muziki ya mtaani kwetu atachagua mwanagenzi wa kumfundisha kazi. Mmoja tu. Kila anayetaka nafasi apeleke chombo cha muziki alichokiunda na akieleze mbele ya watu. Kuunda, sawa. Kueleza, hapana. Nimemaliza shule bila kunyoosha mkono darasani hata siku moja. Mpango: kisanduku kijieleze chenyewe. Nitarekodi sauti yangu ndani yake, mtu akikaribia ataisikia, nami nitakuwa nyuma ya pazia. Mpango hauna kasoro. Nimeutazama pande zote.

Jumanne, 10 Juni

Binamu yangu naye anaitaka nafasi ileile. Tunamwita Besi kwa sababu ya sauti yake, ambayo hufika kabla yake. Ameunda ngoma za umeme kwa sufuria za mama yake. Leo alichungulia kisanduku changu, akauliza kama ni cha viatu. Jibu lilinijia baadaye nikiosha vyombo. Jibu kali sana. Besi alishaondoka.

Siku nzima nimekirekebisha. Napima kwa mkono wangu, naongeza usikivu wake, napima tena, naongeza. Mlango nimeufunga. Mama aliomba kujaribu, nikamwambia bado. Bibi akaomba, nikamwambia bado. Sipendi kutazamwa nikifanya kazi. Sasa nikitikisa kidole kimoja tu, kisanduku kinaimba vizuri. Nimejipongeza kimoyomoyo.

Alhamisi, 12 Juni

Siamini yaliyotokea. Shangazi alikuja. Shangazi haongei kwa mdomo peke yake, mikono yake hufanya nusu ya kazi. Aliingia chumbani bila kubisha, akapanua mikono anikumbatie, akasema, "Mwanangu, mbona umekonda," na kisanduku kikalia kama honi ya lori. Akarusha mkoba. Honi. Akajishika kichwa. Honi ndefu zaidi. Kadiri alivyoshtuka ndivyo kilivyopiga kelele, na kadiri kilivyopiga kelele ndivyo alivyoshtuka. Nikachomoa waya. Bibi akatokea na ufagio, akauliza nimemfanya nini binti yake.

Nimetafakari kwa utulivu mchana kutwa. Nimefikia uamuzi: tatizo ni Shangazi. Kwangu kinaimba vizuri.

Jumamosi, 14 Juni

Studio ilijaa. Besi alipiga sufuria zake na kila mtu akatikisa kichwa kwa mdundo. Mimi pia. Nilishtuka kujikuta natikisa.

Zamu yangu ikafika. Nikaweka kisanduku mezani, nikawasha, nikajificha nyuma ya pazia. Fundi akasogea. Ni mtu mpole, hutembea polepole. Nikaomba moyoni asitembee kabisa. Kisanduku kikasema kwa sauti yangu, "Karibu. Sogeza mkono taratibu." Nilikuwa nimerekodi kwa kunong'ona. Spika iliukuza mnong'ono hadi ukawa kama mzimu unaomba maji. Fundi akaruka nyuma. Honi! Watu wote wakainua mikono kuziba masikio. Honi juu ya honi. Besi akacheka akijipiga mapaja, na kisanduku kikamwitikia kila pigo.

Sijui miguu ilinitoaje nyuma ya pazia. Watu waliponiona, mtu asiyetarajiwa kabisa, wakaganda. Hata Besi. Chumba kikatulia. Nikainua kidole. Kikaimba, safi kabisa. Nikapiga wimbo mzima ambao Bibi huimba akifagia, na hakuna aliyethubutu kujikuna.

Fundi akaniuliza nilikijaribu kwa nani. Nikasema, mimi. Na nani mwingine? Nikasema, mimi tena, siku ya pili. Watu wakaangua kicheko. Fundi hakucheka. Alisema vidole vyangu vina muziki, ila chombo hiki kimezoea mtu mmoja tu duniani, naye ni mtu asiyetikisika. Nafasi ni yangu nikitimiza sharti: niketi na watu wa kila aina, wakijaribu, nami niwaulize kwa mdomo wangu wanataka kisikike vipi. Jumanne nimpelekee majibu. La sivyo, nafasi ni ya Besi.

Besi akasema basi yeye aanze kuhamishia sufuria studio mapema. "Huyu awaulize watu? Huyu hata simu akipigiwa anasubiri ikate."

Ni kweli. Lakini amejuaje?

Jumapili, 15 Juni

Mama, Bibi na Shangazi waliketi sebuleni wakinisubiri. Shangazi alisema yuko tayari kukisamehe kisanduku. Nilisimama mlangoni na swali langu la kwanza. Nikasema naenda kuchukua waya. Sikurudi.

Ila nimepata suluhisho, na nashangaa halikunijia mapema. Nimeunda mashine ya kuuliza maswali. Inauliza kwa sauti yangu, inasikiliza jibu kwa maikrofoni, halafu inalipigia muziki: jibu laini, sauti laini, jibu kubwa, sauti kubwa. Kesho nitaiweka sebuleni. Mimi nitakuwa nyuma ya pazia. Fundi alisema mdomo wangu, na sauti ni ya mdomo wangu.

Safari hii nimekuwa mwangalifu mno. Nimeipima kwa sauti ya mtu wa kawaida, yaani yangu. Niliijaribu chumbani, mlango nimeufunga. Nilinong'ona tu, ikaimba vizuri ajabu.

Mama amesema Besi naye atakuja, na amejitolea kuwa wa kwanza kujibu. Aje tu. Mashine iko tayari.