Mcheza Ng'ombe Kamkimbia Mchukuzi

"Mmeisikia? Vuai katoroka ghalani!"

Huyo Nyange, tunamwita Redio kwa sababu hata betri zikiisha yeye husema. Hata salamu hakutoa. Tulikuwa kwa Mzee Msellem, muuza kahawa wetu pale Wawi, mwaka wa hamsini na tisa. Mikarafuu ilizaa mpaka matawi yanavunjika, kila mwenye mikono yuko shambani anachuma, na ghala la karafuu limebakiwa na wachukuzi wawili tu.

"Katoroka nini?" akauliza Hamad Hakimu. Jina hilo kalipata kwa kuingia mahakamani mara moja, akitafuta mbuzi wake.

"Kificho, mchukuzi mwenzake, kamwambia, 'Ukigusa gunia langu ntakutia kulabu ya tumbo!'"

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Vuai! Mcheza ng'ombe! Anayemvuta fahali masikio uwanjani, mbele ya kijiji kizima cha Gando!

"Ng'ombe hufungwa kamba," ikasema sauti nyuma ya mlango. Vuai mwenyewe, kajibanza na kikombe chake. "Kificho nani kamfunga?"

"Ungemwambia mnyapara, yakhe," nikasema.

"Nimemwambia. Ati, 'Keshakupiga?' Nkasema bado. 'Basi huna kesi, kabebe magunia. Ukikosa kesho, huna kazi.' Na miye n'na watoto. Naogopa kulabu, naogopa na njaa."

Hapo kicheko kilitukauka. Nilimhurumia kweli.

Hamad Hakimu akajikohoza. "Kisheria, aliyetishwa kazini ana haki ya kukaa kwao mpaka mwenzake apoe."

"Sheria ya wapi hiyo?"

"Ya dunia nzima."

"Ya mbuzi wako!" akasema Redio.

Mara huyo Kificho anakuja mbio! Vuai akajibanza zaidi nyuma ya mlango, Hakimu akazama chini ya benchi. Kificho alipomwona Vuai anachungulia, akakumbatia nguzo.

"Mshikeni jamani! N'lisema vile kwa woga! Mtu anaangusha fahali, miye si ataniangusha kwa kidole? Kazini sendi! Nami nimemwambia mnyapara, ati, 'Keshakupiga?'"

Hatujamaliza kushangaa, mnyapara naye kafika, jasho linamtiririka, bakora mkononi.

"Lori linangoja! Ghalani hamna hata mtu! Rudini nyote wawili, au ntawapasua vichwa!"

Kificho akaiachia nguzo. Vuai akatoka nyuma ya mlango. Wakatazamana, kisha wakaketi benchi moja, bega kwa bega, juu ya Hakimu.

Huko barabarani lori likapiga honi. Mnyapara akalegea.

"Haya, mwataka nini?"

"Useme mbele ya watu," akasema Kificho, "mtu akitishwa kazini ni kesi, hata hajapigwa."

Honi ikalia tena, ndefu.

"Ni kesi, ni kesi! Hata hajapigwa! Mmeridhika?"

"Tumeridhika," akasema Vuai. "Basi tuanze na yako."