Pembe ya Ayeyo Kwenye Kabati la Kioo

Jumatatu, 3 Juni

Sasa hivi binti yangu Ilhan amevua kiatu chake, akakitumbukiza kwenye jagi la maziwa ya ngamia, kisha akajipigia makofi. Nimeshindwa kumgombeza.

Habari njema. Yale makumbusho madogo ya mjini yanakusanya vifaa vya tiba za zamani. Siyad, msimamizi wake, anasema mwenye kuleta kitu cha maana ndiye atakayewaeleza wageni. Mimi niliacha shule darasa la sita. Nataka binti yangu akue akiona watu wananyamaza mama yake akiongea.

Jirani yangu Ugbad ameshapeleka miiba ya kushonea vidonda. Kasifiwa. Miiba tu.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata. Pembe ya hijama, ya kuumikia wagonjwa, ya mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Ayeyo. Nyeusi kwa umri, ncha imetobolewa, hapo ndipo anavuta hewa kwa mdomo mpaka damu mbaya ipande. Niliichukua akiwa amesujudu. Si wizi, iko ndani ya ukoo.

Siyad ameifungia kwenye kabati la kioo. Kaandika: ilitumiwa zamani. Naanza Alhamisi.

Alhamisi, 6 Juni

Nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba tiba hii ilikwisha kitambo. Mlango ukafunguka. Ayeyo, na nyuma yake wagonjwa wake, kila mmoja kashika mgongo.

Alisomewa yale maandishi, akaniuliza kwa Kisomali: zamani ya nani, walaal, ndugu yangu? Yeye alizikwa lini, mbona hakualikwa? Ugbad, aliyekuwa amesimama kando ya miiba yake, alicheka mpaka akakaa chini.

Kabati likafunguliwa. Ayeyo akaketi kwenye kiti changu, akamuumika mzee Abdikafi papo hapo. Mikono yake hutetemeka akimimina chai. Kwenye mgongo wa mtu ilitulia kabisa. Nimeishi naye tangu niolewe, sikuwahi kukaa nikamtazama.

Wanafunzi hawakutaka kuondoka. Siyad akamwomba awe anakuja, na mimi nimtafsirie. Ayeyo alikubali kwa sharti moja: nisiguse tena kitu cha mtu bila kuomba. Nililia. Niliahidi kwa moyo wote.

Jumamosi, 8 Juni

Kutafsiri ni kusema maneno ya mwingine. Nahitaji kitu changu mwenyewe.

Mjomba Adow ana chuma cha kuchomea wagonjwa wa homa ya manjano. Hiki ni cha zamani kweli, hajakitumia wiki nzima. Kumwomba kungemsumbua tu. Nimekifunga kwenye shuka ya Ilhan, kiko chini ya godoro, na Siyad akikiona ata—

Ayeyo ananiita. Mjomba yuko mlangoni, anauliza kama kuna aliyeona—