Stoo Nzima Kwenye Vifurushi

Jumatatu, 3 Juni
Mzee wa Stoo anastaafu Ijumaa. Hatimaye. Miaka kumi na tisa nawapikia wauguzi wanafunzi wa bweni hili, na kila kitunguu namwomba mzee yule kama naomba posa. Sasa ufunguo unatafuta shingo ya kuning'inia. Shingo ninayo.

Kikwazo kimoja tu. Mama meneja mpya ametoka ng'ambo, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Karani wa bweni akatutafsiria: Ijumaa asubuhi, atakayeweza kumweleza kwa Kiingereza stoo ina nini na kiasi gani, ndiye atakayekabidhiwa ufunguo. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Kugeuka, nani mwingine kanyoosha? Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, mpiga pasi wa bweni. Nikamuuliza pasi na stoo wapi na wapi. Akasema, wifi, anayenyoosha mashuka sitini hashindwi kunyoosha ulimi. Watu wakacheka. Waliocheka nimewaweka akilini. Kesho watapata ukoko.

Jumanne, 4 Juni
Somo la kwanza, ukumbi wa chakula, baada ya kuosha vyombo. Karani ndiye mwalimu, amejitolea kutuandaa sisi wawili kwa Ijumaa. Anasema kwa Kiingereza "nyingi" ni mbili. Vitu vinavyohesabika, kama mayai, vina neno lake: meni. Visivyohesabika, kama mchele, vina lake: machi.

Nikasimama. Mchele hauhesabiki? Na mimi ninayeuchambua punje kwa punje mpaka macho yanatoka machozi, nafanya nini, nauimbia? Nikamuuliza kama alijaribu kuuhesabu akashindwa, au ni uvivu tu. Akasema, Bibi, wenye lugha ndivyo walivyopanga. Basi wenye lugha hawajawahi kuokota jiwe kwenye ungo. Akaendelea tu: sukari, chumvi, unga, mafuta, vyote machi. Na kwa vichache yapo maneno mengine mawili. Yamekuwa manne! Mimi niliishia darasa la tatu na sijawahi kukosa neno.

Wifi alipiga mistari kwa rula, akapata kumi kwa kumi. Mimi mbili. Nasema kweli kwa kuwa hili ni daftari langu: moja nilibahatisha.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata! Nasugua sufuria, moyo unanidunda kama wa mwari.

Karani leo alisema jambo akalipita kama hajasema kitu. Mchele hauhesabiki, lakini mifuko ya mchele inahesabika. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena, akadhani sisikii vizuri.

Sasa kwa nini nibebe maneno manne kichwani? Nikifunga kila kitu stoo, kila kitu kitakuwa pakiti, na pakiti ni meni. Machi itakosa pa kukaa. Kiingereza wanakisomea miaka, mimi nakifunga kwa uzi kwa siku mbili.

Nimeanza na sukari. Magazeti ya zamani, uzi wa magunia, vifurushi mia mbili na kumi na viwili. Chumvi, mia. Mzee wa Stoo akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia namwandalia mrithi wake. Akaniuliza mrithi ni nani. Mzee huyu hajawahi kuwa mwepesi.

Alhamisi, 6 Juni
Unga tayari. Mafuta yamo kwenye chupa. Mchele umenisumbua kidogo. Nilifunga vifurushi mia tatu alfajiri, saa nne nikakumbuka chakula cha mchana, nikafungua tisini. Wauguzi wamekula saa tisa. Mmoja akaniambia, Bibi, tunafundishwa kuwa mgonjwa asikae na njaa. Nikamwambia yeye si mgonjwa, na akiugua atapikiwa na mwingine.

Wifi akachungulia. Akaniuliza, wifi, unafunga stoo au unafunga safari? Nikamjibu kwamba wenye akili hatuulizwi. Kisha nikamwambia, kwa uchungu kabisa, kwamba wasichana wa chumba namba nane wamemwaga uji kwenye mashuka yote. Uongo. Ila jioni nzima alifua na kupiga pasi mashuka masafi, na daftari lake la mistari lilikaa dirishani peke yake. Namhurumia. Si sana.

Ijumaa, 7 Juni
Siku yenyewe. Kitenge kipya, kilemba juu.

Mama meneja akaja na karani. Akaanza na mimi. Mayai? Meni. Mchele? Nikaonyesha: pakiti, meni. Sukari, unga, mafuta: meni, meni, meni. Nikawa nampa kabla hajafika mwisho wa swali. Akatabasamu. Nikamtupia wifi jicho, naye akawa anatazama viatu vyake.

Halafu meneja akataka kuingia ndani. Akashindwa. Vifurushi vilifika mlangoni. Akauliza kitu, ndani yake nikasikia ile machi, mshenzi yule, kajificha wapi. Nikajibu meni kwa sauti. Karani akaweka mkono usoni. Kumbe aliuliza imebaki nafasi kiasi gani. Sasa nafasi unaifungaje kwenye gazeti?

Ikawa zamu ya wifi. Kiingereza kikamtoka kama maji ya bomba, machi hapa, meni pale, hata yale maneno ya vichache. Nikajua nimekwisha. Meneja akamwomba amletee chumvi. Wifi akachukua kifurushi. Sukari. Akachukua kingine. Unga. Cha tatu, sukari tena. Vyote gazeti, vyote uzi. Karani akajaribu, akapata unga. Mzee wa Stoo naye, na miaka yake yote, akapata unga.

Nikawasogeza. Nikafumba macho, nikabonyeza kimoja kwa kidole gumba, nikampa meneja. Akalamba. Chumvi!

Wakanong'ona wenyewe kwa wenyewe. Karani akatangaza: ufunguo ni wa Bibi, kwa sababu mtu mwingine hawezi kupata kitu humo. Lakini kila asubuhi wifi atasimama pembeni yangu amsomee meneja hesabu kwa Kiingereza. Wifi akasema kwa upole kwamba basi mimi nitakuwa mkono na yeye atakuwa mdomo. Na ahsante kwa mashuka, akaongeza.

Ufunguo uko shingoni. Mzito. Nimelala nao.

Jumatatu, 10 Juni
Wauguzi sitini wamekunywa chai ya chumvi. Kosa la gazeti, lilikuwa nene mno kwa kidole gumba. Meneja amekunywa pia, akatema dirishani. Ameagiza vifurushi vyote vifunguliwe, virudi kwenye mapipa. Nimejifanya sikuelewa, na kwa kuwa ni Kiingereza, hawezi kunithibitishia.

Karani anasema wiki hii tunaanza somo la mambo yaliyopita. Ukitaka kusema jambo la jana, neno linabadilika sura, na mengine hayana hata utaratibu, lazima uyakariri moja moja. Wifi keshapiga mistari. Mimi sina haja ya rula. Kuanzia leo kazi zote za stoo nitaziahirisha mpaka kesho, ili jana isikutwe na kitu cha kusimulia.