Ombi la Kuthibitishiwa Kwamba Ninaishi Kasulo

Kolwezi, Jumanne, 14 Novemba 2023. Asubuhi mawingu, manyunyu mpaka saa tatu, vumbi limelala.

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa ofisi inayosoma simu zetu,

Tata Mkuu, ninakuandikia kwa heshima, nikiamini umeshaisoma barua hii kabla sijaituma. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwezi wa tatu shimo la kobalti lilibomoka chini ya nyumba ya jirani, ukuta wangu ukapasuka. Nikafungua ukurasa wa Facebook kwa jina la Jirani wa Ukuta, niandike habari za mashimo bila kujulikana. Kadi ya simu niliinunua mbali, Kasaji. Picha niliweka baiskeli. Siku ya tatu mtumishi wako Omer alinisalimia sokoni kwa jina langu, akauliza kwa nini jana nilichelewa kulala. Ni kweli, kila andiko ninalianza na hali ya hewa na kulimaliza na saa ya kulala, kama katika daftari langu ambalo mtaa mzima unalijua. Hata hivyo, mngenitafuta japo wiki moja.

2. Nilipougua malaria nikanyamaza siku mbili, Omer alibisha hodi. "Mama Bilonda, tangu juzi hauyaandika kitu. Chef wa ofisi anauliza kama uko mugonjwa." Nashukuru, Tata. Dada yangu wa Likasi hajauliza mpaka leo.

3. Sasa mtaa wetu wa Kasulo unahamishwa kupisha uchimbaji. Karani wa tume ya kuhamisha, Tata Kisimba, alisoma orodha ya watakaopewa kiwanja kipya, mimi simo. Akaitazama nyumba yangu, nami nimesimama mlangoni, akasema: "Mu hii parcelle hatujue mutu," yaani katika kiwanja hiki hawamjui mtu yeyote. Orodha inafungwa Ijumaa.

4. Mwaka 1993, tulipofukuzwa mkoani hapa kwa kuwa Wakasai, watu wa kuja, nyumbani hatukuwa hata na redio. Waliotufukuza walitupata siku ya kwanza, wote saba, majina yakiwa sahihi. Mbona siku ya kupewa ndiyo napotea?

Kwa hiyo naomba Omer aje Ijumaa, amthibitishie Tata Kisimba kwa maandishi jina langu, mlango wangu, malaria yangu na saa zangu za kulala. Ikishindikana, mnifutie kosa la kuandika, kwani mtu asiyekuwepo hawezi kuandika.

Nisalimie wote ofisini, hasa anayesoma zamu ya usiku; apumzishe macho.

Mimi raia wako mtiifu,
Jirani wa Ukuta, yaani Bilonda

N.B. Tata, ombi la hapo juu usilishughulikie tena. Omer amepita jioni kuichukua, ameisoma yote akiwa amesimama, kisha akaomba kiti. Kumbe anakaa nyumba ya sita kutoka kwangu, na yeye pia hayumo kwenye orodha. Ofisi yenu ilipoulizwa na tume ilijibu haimjui. Ameniomba niwe shahidi wake. Ushahidi ninao: kila alipopita kunichungulia nimeandika tarehe, saa na mvua, mara arobaini na moja. Ijumaa tutakwenda wote wawili, yeye na simu yake, mimi na daftari langu.

Nalala saa tatu na nusu usiku. Omer ameshaiandika kwenye simu yake.